Je, ninunue bunduki ya FS2000 iliyokwishatumika, ilhali haitengenezwi tena?

Shoto wa Houston ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, salamu nyingi.

Naomba ushauri wenu kabla sijatoa fedha. Ninaishi karibu na Houston, Texas, nimekwisha kuwa raia wa Marekani, na mchezo wa shabaha ndio burudani yangu kubwa nje ya kazi na familia. Mimi ni mtu wa shoto: jicho ninalolengea ni la kushoto, na bunduki naiegemeza bega la kushoto. Kwa bunduki ya kawaida hilo si taabu kubwa, lakini kwa muda mrefu nimevutiwa na bulpapu, yaani zile bunduki ambazo chemba (mahali risasi inapokaa wakati wa kufyatuliwa) na magazini vimewekwa nyuma ya kifyatulio, ndani ya kitako, hivyo mtutu unabaki mrefu ilhali bunduki nzima inakuwa fupi. Kila anayezifahamu anaijua kero yake kwa watu kama mimi, kwamba tundu la kutemea maganda liko pale pale linapokaa shavu la mtu wa shoto, na ganda linapotoka likiwa moto linamrukia usoni.

Ndiyo maana FS2000 ya kampuni ya FN ya Ubelgiji imenikaa moyoni. Hiyo haitemi maganda pembeni, bali huyapitisha ndani ya bomba linalokwenda sambamba na mtutu na kuyatoa mbele, mbali na uso wa mfyatuaji wa mkono wowote. Mzee mmoja ninayekutana naye uwanjani anauza ya kwake. Anataka dola 2,900 pamoja na magazini nne za chuma, na ameniambia kuwa aliinunua mpya na haijafyatuliwa sana. Kwa nje ni safi. Plastiki haina ufa, na rangi ya mtutu haijachubuka. Kinachonizuia ni kwamba kampuni iliacha kuitengeneza miaka mingi iliyopita, na sijui nitashika wapi siku kipuri kimoja kitakapovunjika.

Naomba mnieleze kama ni busara kununua, nikague nini nikiwa naye, na kama kuna bulpapu nyingine inayotengenezwa hadi leo ambayo inamfaa mtu wa shoto.

Fundi Chuma amejibu:

Ndugu Shoto, salamu zako tumezipokea. Nimewahi kumiliki FS2000, na nimezifungua na kuzisafisha za watu wengine, kwa hiyo nitazungumzia bunduki yenyewe na kuwaachia wenzangu mambo ya sheria.

Kwanza, sababu yako ni ya kweli. F2000 ya kijeshi ilioneshwa hadharani huko Abu Dhabi mwaka 2001, na jeshi la Slovenia liliichagua kuwa bunduki yake ya kawaida. FS2000 ni toleo lake la kiraia, linalofyatua risasi moja tu kwa kila mvuto wa kifyatulio. Inatumia risasi za 5.56×45, mtutu wake una urefu wa takriban inchi 17.4, na hata hivyo bunduki nzima haizidi sana inchi 29. Ganda linapotoka chembani hupokelewa na kipande kinachoyumba, ambacho hulinyanyua na kulielekeza kwenye bomba. Ganda linalofuata hulisukuma lililotangulia, na ndiyo maana maganda ya kwanza hayaonekani mpaka uwe umefyatua risasi kadhaa, kisha huanza kudondoka mbele moja moja, taratibu, badala ya kumrukia aliyesimama kando yako. Kwa mtu wa shoto hakuna cha kubadilisha wala cha kugeuza. Hata kizuizi cha usalama, ambacho ni kisahani kinachozunguka chini ya kifyatulio, hutumika sawasawa kwa mikono yote miwili.

Lakini uzuri huo huo ndio unaoifanya iwe ngumu kuikagua. Bunduki za kawaida huwa na tundu pembeni, na ikikwama unaona kilichokwama. Hii imefunikwa pande zote. Kuna kifuniko kidogo juu, upande wa nyuma, ambacho ukikifungua unaona chemba na kile kipande kinachoyumba, na hapo ndipo ukaguzi wako uanzie. Hakikisha kwanza kwamba magazini imetolewa na chemba ni tupu, kisha mulika kwa tochi. Tazama kingo za hicho kipande kwa makini, na ukiona ufa, au sehemu iliyoliwa upande mmoja zaidi ya mwingine, usiendelee na mazungumzo ya bei, kwa sababu kikishindwa kunyanyua ganda bunduki yote imesimama, na hicho si kipuri unachokikuta rafuni kwa muuzaji yeyote.

Jaribio lenye maana kuliko yote ni la uwanjani. Mwombe mzee akuruhusu ujaze magazini risasi kumi na uzifyatue zote bila haraka, kisha, mdomo wa mtutu ukiwa umeelekea upande salama, uinamishe ili maganda yaliyobaki ndani ya bomba yateleze nje. Yahesabu. Yakitoka tisa kuna moja ndani, na lazima ujue limekwama wapi na kwa nini kabla hujafyatua tena. Rudia jaribio hilo kwa kila magazini anayokupa na kwa risasi za aina zaidi ya moja. Nakusihi pia uzingatie jambo ambalo wageni wa bunduki hii hulisahau: risasi nzima unayoitoa chembani kwa kuvuta mkono wa kukokea hupitia njia ile ile ya maganda, kwa hiyo mtu anaweza kudhani amekwisha kuondoa kila kitu ilhali risasi hai imelala ndani ya bomba. Unapoisafisha au kuikabidhi kwa mwenzako, chemba na bomba vyote viwili vikaguliwe.

Baada ya hapo nenda kwenye mtutu. Wa FN umepakwa kromu ndani na hudumu sana, lakini hauwezi kubadilishwa nyumbani kwa dakika chache kama wa Steyr AUG. Angalia mdomo wake kama una alama za kugongwa, na mpe fundi bunduki apime kwa geji nafasi iliyopo kati ya uso wa bolti (kile chuma kinachofunga chemba kwa nyuma) na kitako cha risasi inapokuwa chembani. Nafasi hiyo ikizidi kipimo, ganda linaweza kupasuka, na katika bulpapu chemba iko chini ya shavu lako. Kwa sababu hiyo hiyo usitumie risasi zilizojazwa upya nyumbani na mtu usiyemjua, hata akikupa bure.

Kuna mambo mengine yasiyo hatari, ila ni vizuri uyajue mapema. Bolti haibaki nyuma risasi ya mwisho inapokwisha, kwa hiyo unagundua kwamba magazini ni tupu pale tu unapovuta kifyatulio na kusikia mlio mkavu. Kifyatulio chenyewe ni kizito, maana kinasukuma fimbo ndefu inayokwenda hadi nyuma kwenye kitako. Shimo la magazini limezungushiwa mpira wa kuzuia vumbi, ambao hubana baadhi ya magazini za plastiki hata zikakataa kuingia. Wapo wamiliki walioukata mpira huo ili ziingie. Uliza kama mzee aliukata. Hizo magazini nne za chuma ni za thamani kuliko unavyodhani.

Kuhusu bei na vipuri, kauli yangu ni moja. Bunduki isiyotengenezwa tena hainunuliwi bila vipuri vyake. Vinavyochoka katika bunduki yoyote ya aina hii ni springi, kivuta ganda na pini ya kufyatulia. Vitafute kwanza, viwe mkononi mwako au uwe umepata muuzaji aliyekuthibitishia kwa maandishi kwamba anavyo, ndipo urudi kwa mzee ukiwa umeondoa gharama yake kwenye bei. Usipovipata, basi bei ya haki ya bunduki hiyo ni ile ambayo uko radhi kuipoteza.

Mkazi wa Dallas amejibu:

Namheshimu sana Ndugu Fundi, lakini mimi nasema usinunue kabisa.

Tujifunze kwa walio na ghala na bajeti kuliko sisi. Ufaransa ilikuwa na bulpapu yake, FAMAS, iliyoundwa na kiwanda cha serikali cha Saint-Étienne na kutumika tangu miaka ya 1970. Kiwanda hicho kilifungwa, mitutu na vipuri havikutengenezwa tena, na mwishowe jeshi likaamua kuagiza bunduki za HK416 kutoka Ujerumani na kuanza kuzipokea mwaka 2017. Uingereza nayo ilikuwa na bulpapu yake, SA80, iliyolalamikiwa sana na askari kwa kukwama, ikabidi serikali iwalipe kampuni ya Heckler & Koch wazikarabati kwa maelfu, kwa gharama kubwa. Bunduki ile iliokolewa kwa sababu ilikuwa na mwenye mali aliyeweza kumlipa mtengenezaji. Wewe na mimi hatuna mtengenezaji wa kumlipa. Siku kile kipande kinachoyumba kitakapovunjika, utaanza kutafuta mmiliki mwingine aliye tayari kuichinja yake ili akuuzie nyama.

Mbadala upo, tena unatengenezwa. Hellion inayouzwa na Springfield Armory hutengenezwa na HS Produkt huko Kroatia, imetokana na bunduki yao ya kijeshi ya VHS-2, na iliingia soko la Marekani mwaka 2022. Unaweza kuigeuza iteme maganda kushoto bila kununua kipuri cha ziada, bolti yake hubaki nyuma risasi zikiisha, na hupokea magazini zile zile za AR-15, ile bunduki maarufu ya Kimarekani, zilizojaa kila duka. RDB ya Kel-Tec, ya kule Florida, hutema maganda chini, nyuma ya magazini, kwa hiyo haijali mkono wako hata kidogo. Steyr AUG, ambayo jeshi la Austria liliichagua mwaka 1977, ni ya zamani kuliko zote hizi na bado inatengenezwa. Kwa mtu wa shoto inahitaji bolti ya kushoto, na uwe mwangalifu kwa sababu toleo lake linalopokea magazini za AR-15 ni la mkono wa kulia peke yake. Tavor SAR ya kampuni ya IWI ya Israel imeachwa kwa ajili ya mrithi wake, X95, na nayo huhitaji bolti ya kushoto, lakini ilikuja na wateja wengi mwaka 2013 na soko la vipuri lilikua pamoja nayo, hata kuna viwanda visivyo vya IWI vilivyoiundia vifyatulio vyepesi. Mtu akiniuliza kuhusu SAR iliyotumika, nitamwambia anunue. Bunduki iliyoachwa yenye wamiliki wengi haiko sawa na bunduki iliyoachwa yenye wamiliki wachache.

Shoto wa Houston amejibu:

Ndugu Fundi na Ndugu wa Dallas, ahsanteni kwa maelezo ambayo nisingeyapata dukani. Nimezungumza na mzee. Anasema mpira wa shimo la magazini haujakatwa, na amekubali jaribio la risasi kumi pamoja na kipimo cha geji, mradi mimi nilipe gharama ya fundi. Vipuri hana, na hakuwahi kununua hata springi.

Swali la nyongeza: hii haitakuwa bunduki yangu ya pekee, kwa maana ninayo AR-15 ya kawaida ambayo ndiyo ninayoitumia mara nyingi. Je, hilo linabadilisha ushauri? Na kuhusu sheria, kwa kuwa sote wawili ni wakazi wa Texas, tunaweza kumalizana wenyewe kwa wenyewe?

Fundi Chuma amejibu:

Linabadilisha, tena sana. Kwa mtu ambaye FS2000 ndiyo silaha yake pekee, namuunga mkono Ndugu wa Dallas bila kusita. Kwa mtu mwenye bunduki nyingine ya kutegemea, anayejua kwamba hii ataifyatua kwa kiasi, ataisafisha na kuitunza, suala linakuwa la bei na hali yake. Lakini hoja yake kuhusu idadi ya wamiliki ni nzito kuliko hoja yoyote niliyoitoa mimi, na ninakuomba uipime kabla ya kunisikiliza. Kukosekana kwa vipuri kwa mzee si dalili ya ubaya wa bunduki, ila ni sababu halali ya kushusha bei.

Msoma Sheria amejibu:

Ndugu Shoto, nitaeleza yale ninayoyafahamu, na kwa jambo lolote linalogusa hali yako binafsi muone wakili.

Sheria ya shirikisho inawaruhusu wakazi wawili wa jimbo moja kuuziana bunduki wenyewe, mradi muuzaji asiwe anafanya biashara hiyo na asiwe na sababu ya kuamini kwamba mnunuzi amekatazwa kumiliki silaha. Na Texas haijaweka sharti la kupitia kwa muuzaji mwenye leseni. Hata hivyo nakushauri mpitie kwake. Utajaza Fomu 4473, ile ya shirikisho ya mnunuzi wa bunduki, atawasiliana na NICS, mfumo wa kuchunguza wanunuzi unaoendeshwa na FBI, na kumbukumbu ya makabidhiano itabaki. Mfahamu tu kwamba NICS humchunguza mnunuzi, na haisemi lolote kuhusu kama bunduki yenyewe iliwahi kuibwa. Watu wengi huchanganya mambo hayo mawili. Kwa hiyo mwombe mzee risiti ya ununuzi wake wa kwanza, linganisha namba ya bunduki na iliyoandikwa humo, na kama risiti haipo, andikeni hati ya mauziano yenye majina yenu, namba ya bunduki, tarehe na sahihi zenu.

FS2000 ilitengenezwa Ubelgiji, na hapo kuna kanuni ambayo mafundi wa nyumbani huikanyaga bila kujua. Bunduki ya kigeni ya namna hii haitakiwi kuunganishwa hapa Marekani ikiwa na zaidi ya vipuri 10 vya kigeni kati ya vile vilivyoorodheshwa katika kanuni za ATF, idara ya shirikisho inayosimamia silaha. Kwa hiyo usibadilishe kipuri cha Kimarekani kwa cha kigeni, hata kama cha kigeni ndicho cha asili kabisa, bila kuhesabu upya. Mtu anayekuuzia vipuri vilivyotolewa kwenye bunduki za jeshi la Ulaya anaweza kuwa anakuuzia kosa.

Niwaambie na wasomaji wengine, maana najua wengi wetu hapa hatujapata uraia. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu anaweza kununua bunduki kama raia. Mwenye visa ya muda, ya masomo au ya kazi, kwa kawaida amekatazwa, isipokuwa awe ndani ya misamaha michache iliyotajwa na sheria, kama vile kuwa na leseni halali ya uwindaji. Na kwa mtu asiye raia, kutiwa hatiani kwa kosa la silaha kunaweza kumfukuzisha nchini. Tabia yetu ya kusaidiana isitutie matatani hapa. Binamu asiyeruhusiwa akikupa fedha umnunulie kwa jina lako, ukaandika kwenye fomu kwamba mnunuzi halisi ni wewe, wote wawili mmeingia kwenye kosa ambalo, kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2022, adhabu yake hufika kifungo cha miaka 15.

Ukihama Texas, soma sheria ya unakokwenda kabla hujapakia mizigo. Illinois tangu Januari 2023 na Washington tangu Aprili mwaka huo huo zimezuia uuzaji wa bunduki nyingi za aina hii, na California na New York zilikwisha kuwa na masharti makali kabla ya hapo. Ununuzi halali wa Houston unaweza kugeuka mzigo, na zaidi ya yote utakosa mtu wa kumuuzia.

Mwisho, wapo wanaofikiri kwamba kitu kama hiki siku moja kitarudi nao nyumbani. Hakiwekwi kwenye kontena pamoja na gari na magodoro. Kukitoa Marekani kunahitaji kibali, na kukiingiza Kenya kunaangukia Sheria ya Silaha, Sura ya 114, kama ambavyo Tanzania inayo sheria yake ya kudhibiti silaha na risasi ya mwaka 2015. Bei ya kuuza tena iwe ni ile ya Marekani peke yake katika hesabu zako.

Mama Pacha amejibu:

Kaka Shoto, umetaja familia, na hakuna aliyeuliza kuhusu watoto, kwa hiyo nauliza mimi. Sheria ya Texas inamtia hatiani mtu aliyeacha bunduki iliyojazwa mahali ambapo mtoto wa chini ya miaka 17 anaweza kuifikia, na adhabu huongezeka ikiwa mtoto ameifyatua na mtu akafa au kuumia vibaya. Mume wangu ana bulpapu, na ninakiri kuwa ni rahisi kuihifadhi, kwa kuwa inaingia kwenye sefu ndogo ambayo bunduki ndefu isingeingia. Lakini ufupi huo huo unaifanya iwe rahisi kwa mkono mdogo kuibeba na kuigeuza mdomo upande wowote. Kama huna sefu yenye kufuli, iliyofungwa kwa boliti ukutani au sakafuni, bei yake iingie ndani ya hizo dola 2,900 kabla hujajadiliana kitu kingine. Na yale aliyosema Ndugu Fundi kuhusu risasi kubaki ndani ya bomba, mimi nisingeyasikia bila kuyafanya kanuni ya nyumba: hakuna kuiingiza ndani kabla bomba halijainamishwa na kukaguliwa kulekule uwanjani.

Shoto wa Houston amejibu:

Dada Mama Pacha, sefu ninayo, imefungwa kwenye sakafu ya zege, na ufunguo haukai nyumbani mahali pa wazi. Nashukuru kwa kuniuliza. Hiyo kanuni ya bomba nimeichukua.

Tulikwenda uwanjani mimi, mzee na fundi. Geji ilikubali: nafasi ya chembani iko ndani ya kipimo, na mtutu ndani ulikuwa unang'aa, mifereji yake mikali, mdomo hauna alama. Kwa magazini tatu maganda yalitoka kamili. Kwa ile ya nne, yenye risasi za kampuni nyingine, tulipoinamisha bunduki ganda moja halikutoka. Fundi akafungua kifuniko cha juu, akamulika, tukaliona limelala upande, nusu kwenye kile kipande kinachoyumba na nusu kwenye mdomo wa bomba, huku shingo yake ikiwa imebonyea kidogo. Alilitoa kwa koleo nyembamba. Hakuona ufa popote, ila aliniambia kwamba kingo ya kipande hicho imelainika upande wa kulia, na kwamba hawezi kuniapia kama ni risasi zile zilizokuwa dhaifu au ni kipande kinachoanza kuchoka. Tulirudia kwa risasi za kwanza na hazikukwama tena.

Nimeandikia wauzaji wa vipuri niliowapata. Springi na kivuta ganda vinapatikana kwa mmoja wao. Hicho kipande hakuna aliyenijibu kwamba anacho.

Nilimrudia mzee kwa heshima nikamweleza yote aliyoyaona mwenyewe, nikampa dola 2,200. Alikataa bila kukasirika, akasema mpenzi wa kukusanya bunduki atampa bei yake, na nadhani anasema kweli, kwa sababu anayenunua ili aiweke kwenye kabati la kioo hanunui kile ninachokihitaji mimi. Mimi nataka kufyatua. Kwa matumizi yangu, bunduki ambayo kipande chake cha lazima hakipo sokoni, tena kimeanza kuonesha alama, haistahili zaidi ya nilichompa, na sitaongeza. Tumeachana vizuri, na ameniambia nimpigie simu nikibadilisha mawazo.

Kwa sasa ninaelekea upande wa Ndugu wa Dallas. Duka moja jirani lina uwanja wake wa ndani na linakodisha Hellion kwa saa, nami nimewaomba waigeuze iteme kushoto kabla sijafika. Kama kuna mwanajukwaa wa shoto aliyeitumia namna hiyo kwa muda mrefu, naomba aniambie mambo mawili: kama gesi humrudia usoni anapofyatua kwa mfululizo, na kama ameona ugumu wowote kuirudisha kulia anapomwazima mwenziwe.

Mkazi wa Dallas amejibu:

Mimi ni wa mkono wa kulia, kwa hiyo la gesi nitamwachia mwenye bega la kushoto. La kuigeuza nimelifanya mwenyewe, meza ikiwa safi na bunduki ikiwa tupu, na halihitaji kifaa chochote cha fundi. Ukifika dukani waombe wakuoneshe hatua zote mbele yako kisha uzifanye wewe, maana ukishainunua hutakuwa na mtu wa kukufanyia kila mara. Na chukua risasi za aina ile iliyokwama kwenye FS2000, uzijaribu humo pia, ili ujue kama kosa lilikuwa la bunduki ya mzee au la risasi.